Nesi wa Jumatano

"Basi kaling'oe," Curt alisema. "Nenda kwa mama yangu mchana kweupe, ling'oe bango uwanjani kwake, watu wakuone."

"Sitaki kung'oa kitu. Nataka wewe ukamwulize kwa nini jina la Lyle Stanek limesimama mbele ya nyumba ya bibi yake Kenna."

"Kwa sababu Lyle alimwomba. Wewe ulimwomba?"

Janelle Hruby aliacha kukwangua sufuria. Hakuwa amemwomba. Haikumpitia akilini kwamba mama mkwe ni mtu wa kuombwa.

"Mimi ni mkwe wake, Curt."

"Ndiyo. Na Lyle ni jirani aliyekwenda kwa miguu, akavua kofia, akakaa, akala vikate vyake vya kolachi, akasifia plamu zake, halafu akaomba. Wewe ulipita na gari ukampungia mkono. Mama anasema hivyo hivyo. Ulimpungia mkono kama tarishi wa posta."

"Kwa hiyo ni kosa langu."

"Sijasema kosa la nani. Nasema mji mzima unapita ile barabara kwenda kanisani, na mji mzima umeona. Jana pale ghalani Lyle aliniuliza kwa upole kabisa, 'Curt, nyumbani kwenu hamjambo?' Upole ule ndio ulioniuma. Afadhali angenitukana."

Katika Orlin watu hawakuulizana nani atampigia nani kura. Walitazama nyasi za mbele ya nyumba. Kila mgombea aligawa mabango madogo ya plastiki yenye miguu ya waya, na mwenye nyumba akichomeka bango kwenye uwanja wake, basi amesema yote. Mabango ya Stanek yalikuwa ya bluu na yalijaa mtaa mzima wa kanisa. Ya Janelle yalikuwa ya kijani. Moja lilikuwa kwake mwenyewe, jingine kwa rafiki yake Shawna Bures, na mengine yalikuwa bado kwenye boksi gereji.

Stanek alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule tangu Janelle mwenyewe akiwa mwanafunzi. Ndiye pia mwenye ghala la nafaka, na kila vuli Curt aliendesha lori lake la mahindi kutoka mashambani. Kazi ile ya miezi miwili ndiyo iliyoibeba nyumba mpaka masika.

Kenna aliingia jikoni, akafungua friji, akatoa maziwa. Alikuwa na miaka kumi na mitano na urefu wa baba yake. Alikuwa amewasikia, nyumba ile haikuwa na ukuta wa kuzuia maneno.

"Mama, kwenye mkutano wa wagombea utasema nini?"

"Nitasema shule inataka nesi kila siku, si Jumatano tu."

"Na mimi?"

"Sitakutaja."

"Hata kidogo?"

"Kenna, nilikuahidi. Nakuahidi tena hapa mbele ya baba yako. Sitakutaja."

Kenna alimtazama mama yake kidogo, kama mtu anayepima maji kwa kidole, kisha akaondoka na glasi yake.

Lililotokea Septemba kila mtu alilijua, ila si lote. Kenna ana kisukari, na sukari yake ilishuka ghafla akiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, akaanguka. Ilikuwa Jumatatu, na nesi, aliyegawanywa kati ya shule tano za wilaya, alikuwa mbali. Mwalimu wa mpira alidhani msichana anafanya mzaha, akamwambia ainuke aache maonyesho. Mpishi ndiye aliyemtia juisi mdomoni. Hayo mji ulijua. Usilolijua ni kwamba Kenna, akiwa pale sakafuni, alijikojolea, na kwamba mpishi alivua aproni akamfunika kabla watoto hawajaona. Kenna alimwambia mama yake tu, siku tatu baadaye, akiwa amegeukia ukutani. Wiki hiyohiyo bodi ya shule ilipitisha fedha za taa mpya za uwanja wa mpira, ikasema za nesi hakuna. Janelle akaenda kujiandikisha kugombea kiti cha Stanek.

*

Mwezi wa Oktoba shule hufanya sikukuu ya kuwakaribisha wahitimu wake wa zamani, na mchana wake kuna gwaride. Tarumbeta za shule hutangulia, zima moto wanafuata, halafu timu ya mpira juu ya tela, na mwaka wa uchaguzi wagombea nao hupanda pikapu na kuwarushia watoto peremende. Hakuna aliyewahi kuweka sheria hiyo. Ni kwamba mgombea asiyerusha peremende anaonekana ana roho mbaya.

Janelle alinunua mifuko mikubwa miwili. Shawna aliendesha, Janelle akasimama nyuma, na Kenna akakaa kiti cha mbele kwa sababu mama yake alimsihi. "Watu waone tuko pamoja," alisema.

Mtaa wa kwanza ulikwenda vizuri. Watoto walikimbilia peremende kama kuku. Walipofika mbele ya baa, palipokuwa na wanaume wamekalia viti vya kukunja na bia mkononi, sauti moja ikasema, "Ala, Janelle. Si ndiyo sumu hiyo? Mtoto wako anaanguka kwa sukari, wetu ndio unawalisha?"

"Watoto, acheni hizo," mwingine akadakia. "Mkianguka, nesi haji mpaka Jumatano."

Kicheko kilisambaa kando ya barabara. Hakikuwa kicheko cha uadui. Walikuwa watu waliosoma naye, na mmoja alikuwa binamu yake Curt. Lakini mama mmoja alimshika mwanawe mkono, akimtania tu, akimwambia, "Sikia, hizo ni za hospitali," na wa pembeni yake akafanya vivyo hivyo. Janelle hakujua afanye nini na mkono uliokuwa umeshajaa. Akarusha. Peremende zikaanguka kwenye lami, na zikabaki hapo. Pikapu iliyofuata ilikuwa ya Stanek. Magurudumu yake yakazikanyaga.

"Endelea kutabasamu," Shawna alisema kupitia dirishani. "Usiwape raha."

"Nani kaniambia ninunue peremende?"

"Kila mtu hununua peremende."

"Si kila mtu ana mtoto wa kisukari. Mimi nina kichwa gani jamani."

Kenna, kiti cha mbele, alikuwa amevuta kofia ya jaketi mpaka puani. Walipofika mwisho wa gwaride alishuka na kwenda nyumbani kwa miguu.

*

Mkutano wa wagombea ulifanyika katika ukumbi wa michezo wa shule, viti vya chuma vimepangwa chini ya nyavu za mpira wa kikapu. Mama wa maktaba alishika kengele ndogo. Kila mgombea dakika mbili, kengele ikilia unakaa.

Curt alikuja, akakaa nyuma na mikono kifuani. Wiki hiyo mavuno yalikuwa yameanza na Stanek hakumwita. Hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba mwaka huu mpwa wake amerudi kutoka jeshini na anahitaji kazi, "unaelewa, Curt, damu ni damu," na Curt akasema anaelewa. Nyumbani hakulizungumza zaidi ya mara moja. Bi Arlys, mama yake, alikaa safu ya mbele na mkoba mapajani. Kenna alisimama mlangoni pamoja na wasichana wa darasa lake waliokuwa wakiuza keki za kuchangia safari.

Janelle alisoma alichoandika. Nesi kila siku. Watoto wenye kisukari, wenye pumu, wenye kifafa. Alitaja gharama na akaonyesha kwamba taa za uwanja zingeweza kusubiri. Alisoma kwa kasi mno na kwa sauti nyembamba, na alipomaliza watu walipiga makofi yale ya kumpigia mtoto aliyesoma kanisani.

Stanek hakuwa na karatasi. Alisimama, akaweka mikono mfukoni.

"Jirani zangu," alisema, "Janelle ni mama mwema, na hakuna humu ndani asiyempenda Kenna. Lakini tusitishane. Nimekaa kwenye bodi hii miaka mingi na hakuna mtoto hata mmoja aliyepata madhara katika shule yetu. Kenna alipata kizunguzungu, akanywa juisi, kesho yake nilimwona mwenyewe anacheka na wenzake. Watoto wa hapa ni wagumu. Mimi nilivunjika mkono uwanjani pale nikacheza mpaka mwisho." Watu wakacheka, hadithi ya mkono ule waliijua. "Nesi wa kila siku ni kitu kizuri. Swimingi puli pia ni kitu kizuri."

Wakacheka zaidi. Hata Bi Arlys alitabasamu. Mama wa maktaba akamwuliza Janelle kama ana la kujibu.

Janelle alisimama. Hakuwa na karatasi tena.

"Kizunguzungu," alisema. "Lyle, ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini..."

"Basi kaa. Mwanangu alianguka kwenye sakafu ya kantini. Mwalimu wenu akamwambia aache maonyesho. Akalala pale macho wazi hajui alipo, na akajikojolea. Msichana wa miaka kumi na mitano, Lyle. Mpishi alivua aproni yake akamfunika, kwa sababu ndani ya jengo zima hakukuwa na mtu mwingine aliyejua la kufanya. Kesho yake ulimwona anacheka? Na wewe ungecheka. Ungecheka ili mtu asikuulize."

Kengele haikulia. Mama wa maktaba alikuwa ameishika bila kuitikisa. Mwanamke mmoja nyuma akasema polepole, "Mungu wangu," kisha mtu akaanza kupiga makofi, safari hii kwa nguvu, na viti vikakwaruza sakafu watu walipokuwa wakisimama. Stanek mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. Janelle alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi maishani: ukumbi mzima uko upande wake.

Kilidumu muda wa pumzi mbili. Kisha akatazama mlangoni. Wale wasichana wa keki walikuwa wamegeuka wote kutazama upande mmoja, na hapo walipokuwa wakitazama Kenna hakuwepo tena.

*

Kesho yake simu haikutulia. Watu walitaka mabango ya kijani. Boksi la gereji liliisha, Shawna akaagiza jingine. Yule mama aliyesema peremende ni za hospitali alileta bakuli la viazi na jibini, akalia mlangoni. Bi Arlys aliling'oa bango la Stanek kwa mikono yake, akampigia Curt simu amweleze alikoliweka.

"Utashinda," Shawna alimwambia Janelle kituo cha mafuta alikofanya kazi. Alikuwa akipanga sigara nyuma ya kaunta, anazungumza bila kugeuka. "Nakwambia unashinda. Jana aliingia hapa mume wa katibu wa bodi, akanunua kahawa, akasema hata yeye anakupigia kura. Addy wangu atapata nesi. Unajua nimelala jana? Nimelala, shoga. Tangu aanze shule sijawahi kulala Jumapili usiku."

Addy alikuwa na miaka saba na mapafu mabovu. Shawna alimlea peke yake, na bosi wake alishamwambia kwamba akitoka kazini mara nyingine kukimbilia shuleni asirudi.

"Kenna haongei na mimi," Janelle alisema.

"Ataongea. Watoto husahau."

Kenna hakuwa mtoto wa kusahau. Jioni ile ya mkutano Janelle aligonga mlango wa chumba chake, akaomba msamaha mlango ukiwa umefungwa. Kenna alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Uliahidi mbele ya baba." Baada ya hapo alimjibu mama yake maneno ya lazima tu: ndiyo, hapana, nimeshiba.

Curt ndiye aliyegundua. Kifaa kidogo kilichobandikwa mkononi mwa Kenna kilipeleka kipimo cha sukari kwenye simu za wazazi wote wawili, lakini Janelle wiki ile simu yake ilikuwa ya kampeni. Curt hakuwa na kazi, hakuwa na lori, alikaa jikoni akitazama simu. Aliona kwamba kila asubuhi Kenna akifika shuleni sukari inapanda, inapanda, inakaa juu mchana kutwa, na haishuki mpaka arudi nyumbani.

Alimwuliza wakiwa gereji, wawili peke yao. Kenna hakuficha.

"Sijichomi insulini nikiwa shule. Na nakunywa soda."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ikiwa juu sianguki."

"Lakini ikikaa juu hivyo inakula macho. Inakula figo. Daktari alikwambia."

"Baba, juzi nimekuta nepi kwenye kabati langu. Nepi za watu wazima, mpya, na utepe. Jana wamebandika moja kwenye kiti changu. Wavulana wa timu wananiita Bomba, eti navuja. Nikianguka tena pale, hata mara moja, sitaamka. Nakwambia ukweli, sitataka kuamka."

Curt alisimama na spana mkononi. Hakukumbuka baadaye alijibu nini, ila usiku ule alimweleza Janelle yote.

*

"Anahamia Dunmore," Janelle alisema. Ilikuwa Alhamisi, wamekaa mezani, chakula hakijaguswa. "Nimewapigia leo. Nesi yupo kila siku, ana chumba chake. Nafasi ipo. Mzazi akifika na mtoto, anaandikishwa papo hapo, karatasi za huku zinafuata."

"Sawa," Curt alisema. "Jumatano ijayo."

"Kwa nini Jumatano?"

"Kura ni Jumanne. Tumia akili, Janelle. Dunmore, kati ya shule zote? Tumecheza nao mpira tangu babu yangu na tumewachukia tangu babu yake. Mgombea wa bodi ya Orlin ampeleke mtoto wake Dunmore siku nne kabla ya kura? Stanek hahitaji hata kufungua mdomo. Watasema, huyu anataka kutuongoza na shule yetu haimtoshi."

"Wewe hukutaka nigombee."

"Sikutaka. Nilikwambia usigombee, ukagombea. Nimekaa jikoni hapa mavuno yote nikimtazama mpwa wa Lyle anaendesha lori langu. Ghala zote za karibu ni za Lyle, Janelle. Mwaka kesho pia sitaitwa. Nimeshalipa. Sasa kimebaki kitu kimoja cha kununua kwa hiyo bei, na wewe unataka kukiacha dukani?"

Hakupaza sauti. Janelle alitamani angepaza.

Shawna alisema hivyo hivyo kwenye simu, kwa maneno machache zaidi. "Siku mbili za shule, Janelle. Ijumaa na Jumatatu; Jumanne shule imefungwa kwa ajili ya kura. Mwambie aumwe tumbo."

Lakini Ijumaa kulikuwa na mtihani, na mtoto wa mgombea akikosa shule siku hiyo watu wangeuliza, na Janelle alikuwa amechoka kujibu watu. Ndivyo alivyojieleza mwenyewe alipokuwa akipanda ngazi. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha Kenna.

"Unakwenda Dunmore. Nimeshapanga. Nakuomba tu uvumilie mpaka Jumanne. Halafu imekwisha."

Kenna alikuwa akikunja soksi. Aliendelea kukunja.

"Sawa," alisema.

"Hukasiriki?"

"Hapana. Nimesema sawa, Mama."

Janelle alisubiri tusi, mlango kupigwa, chochote. Hakukuwa na kitu. Alishuka chini, akamwambia Curt kwamba amekubali, na Curt akasema vizuri, na wote wawili wakatazama meza.

*

Asubuhi Kenna alikula mayai mawili na mkate, akamshukuru bibi yake kwa simu kwa sweta aliyomfumia, akaingia kwenye gari. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabua ya mahindi. Njia nzima hadi mjini mabango ya kijani yalikuwa yamesimama kwenye nyasi, mengi kuliko ya bluu, hata nyumba ambazo Janelle hakuzitarajia.

Walipokata kona ya kanisa na shule ikaonekana, Janelle alisikia mlio wa kopo likifunguliwa. Aligeuka. Kenna alikuwa amefungua soda, ya sukari, kubwa, na alikuwa akiinywa kwa utaratibu, bila hamu, kama mtu anayemeza dawa chungu aliyoandikiwa. Alikunywa mpaka nusu, akapumua, akafuta mdomo, akaendelea.

"Kenna."

"Bado kidogo."

"Weka chini."

"Mama, ulisema nivumilie. Ndivyo ninavyovumilia."

Gari lilikuwa tayari kwenye foleni ya kushusha watoto. Mbele yao wavulana watatu wenye jezi za timu walikuwa wamekaa kwenye ukuta mfupi. Mmoja aliliona gari, akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Nyuma, mzazi mmoja alipiga honi kidogo, ya salamu; alikuwa na bango la kijani dirishani.

Janelle alitoka kwenye foleni. Alipita mlango wa shule, akapita ukuta wa wavulana, akapita uwanja wenye nguzo mpya za taa, akashika barabara kuu.

"Unakwenda wapi?" Kenna aliuliza.

"Mwaga hiyo soda. Halafu jichome."

Alisimama mara moja tu, kituo cha mafuta. Alimwambia Kenna abaki garini. Ndani, Shawna alikuwa akimhudumia dereva wa lori. Janelle alisubiri mpaka mtu yule atoke. Hakutaka Shawna asikie habari hii kutoka kwa mteja wa kahawa.

"Nampeleka sasa," alisema.

Shawna aliangalia nje, akaliona gari na kichwa cha Kenna.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Watamwona Dunmore kabla ya saa nne. Saa sita mji mzima utakuwa unajua."

"Najua."

"Na jina lako liko kwenye karatasi za kura, haliwezi kutoka. Watalipita tu. Na Lyle akirudi, hiyo habari ya nesi haitajwi tena mpaka Addy amalize shule." Shawna alizungumza polepole, kama anayejisomea mwenyewe. "Wewe una gari linalofika Dunmore. Una mume wa kukaa na mtoto. Mimi nina pumpu mbili za dawa ya Addy na jirani kiziwi. Nimechomeka bango lako la kwanza, Janelle. La kwanza kabisa."

"Najua."

"Usiniambie unajua."

"Nitamchukua Addy. Kila asubuhi, pamoja na Kenna. Nitampeleka Dunmore na kumrudisha."

"Kwa mafuta ya nani? Na mumeo hana kazi." Shawna alichukua kitambaa akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. "Na watoto wengine je? Yule wa akina Dvorak mwenye kifafa? Utanunua basi?"

Janelle alisimama mpaka mlango ukalia na mteja akaingia.

"Nenda," Shawna alisema, bila kumtazama. "Unamchelewesha mtoto."

Njiani simu ya Janelle ilitetemeka kwenye kishikio cha kikombe. Lilikuwa jina la Curt, kisha la Curt tena. Kenna aliisoma na kuigeuza uso chini.

Shule ya Dunmore ilikuwa ya matofali ya manjano, si kubwa kuliko yao na si nzuri zaidi. Karani wa ofisi alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alisikiliza, akatoa karatasi, akampigia mtu simu ya ndani. Mwanamke mwenye viatu vyeupe akatokea kwenye korido, akamsalimia Kenna kabla ya mama yake, akamwuliza kwa sauti ya chini kipimo chake kikoje asubuhi hii.

"Kiko juu," Kenna alisema. "Nimekunywa soda."

"Haya. Njoo tukishushe taratibu. Ukijisikia vibaya nitakuwa hapo hapo."

Kenna alikwenda naye. Hakugeuka, na mama yake hakumwita.

Karani alikuwa akisoma jina kwenye karatasi. Alivaa miwani yake, akamtazama Janelle.

"Hruby. Si wewe unayegombea bodi kule Orlin? Nimeona picha yako gazetini. Tulikuwa tunasema humu ofisini kwamba utashinda."

"Nilikuwa nagombea," Janelle alisema. "Nitie sahihi wapi?"

Karani alimwonyesha kwa kidole. Janelle akatia sahihi.